Samli Kwenye Prosesa

Jumatatu jioni, saa kumi na moja na nusu, kompyuta ya darasa la watu wazima pale Isingiro iligoma kuwaka. Mwalimu Rugemalira alifungua ubavu wake, akang'oa feni, akachomoa prosesa na kuiinua dirishani. Kile kipande bapa kama biskuti kilikuwa kimebabuka upande mmoja.

"Hii siyo yetu," alisema. "Mtu kachukua nzima, akatuwekea iliyoungua."

"Mbona namba ni zile zile, Mwalimu?" Vero aliuliza.

"Aina ni moja. Lakini yetu niliipaka ile pesti nyeupe ya kupoozea, nyote mkiniangalia. Hii nuseni wenyewe."

Ilipita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Vero, pua yake ilijua kabla ya akili. Samli. Tena samli ya kwenye ekyanzi, chombo cha maziwa ambacho wafugaji hukifukiza kwa moshi wa nyasi mpaka kila kinachokaa humo kinukie. Darasa zima lilikuwa la watu wa migomba na kahawa. Mtu wa ng'ombe alikuwa mmoja tu: Ma Anonciata, mfagiaji, mwenye ufunguo wa pili. Wakati huo alikuwa amesimama mlangoni, mtoto wa Vero amemlalia begani kama kila siku ya somo.

"Nani aliingia humu Jumapili?" Mwalimu alimuuliza.

"Mimi na ufagio wangu."

"Mwingine?"

Ma Anonciata alimhamishia mtoto bega la pili.

"Mwizi hana alama usoni," mmoja akasema kutoka benchi la nyuma, na wengine wakaitikia. Mwalimu akamnyang'anya ufunguo. Jumatano asubuhi angepelekwa polisi.

Vero alirudi nyumbani na mtoto mgongoni, usingizi haukuja. Mwanamke yule hakujua hata feni inafunguliwa upande gani. Samli ilikuwa imepakwa palepale pesti inapokaa, kati ya prosesa na feni. Aliyeipaka alikuwa fundi aliyeishiwa pesti, akiwa karibu na ekyanzi cha mama yake. Na fundi wa namna hiyo Vero alimjua. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kununua prosesa kwake.

Ainebyona wa Kaisho alikuwa akihariri video za harusi. Prosesa yake alikuwa ameiovakloki, yaani ameikimbiza kuliko kasi iliyotengenezewa, na hakumficha Vero. Ndiyo maana bei ilikuwa ndogo. Vero alikuwa na kompyuta iliyokosa kifaa hicho tu. Akikipata, angechapia watu barua sebuleni kwake, na mtoto asingelelewa tena mlangoni mwa darasa.

Jumanne saa nne asubuhi alishuka kwenye bodaboda, mtoto mgongoni, mbele ya zizi la kina Ainebyona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Huyo mtoto anakunywa maziwa?"

Mama yake Ainebyona akaenda jikoni. Ainebyona akafunua kitambaa. Prosesa ilimeremeta.

"Sikufichi, dada Vero. Mwaka mzima imekimbia. Bei ni ile ile."

"Ilikuwa ikipata moto?"

"Kama jiko."

"Ukaipooza na nini?"

"Feni."

"Na samli yangu," mama akadakia kutoka jikoni. "Wenzake wanaila, yeye anailisha mashine. Wiki iliyopita nimekuta ekyanzi kimekombwa."

Ainebyona alicheka kidogo. "Pesti iliisha, dada. Nikajaribu."

Vero aliinusa prosesa mbele na nyuma. Hakuna kitu. Akapitisha ncha ya kanga pembeni mwake. Ikatoka na utepe mweupe.

"Hii haijaonja samli."

"Niliisafisha kwa spiriti."

"Ukishasafisha, huu weupe umetoka wapi? Si umesema pesti iliisha?"

Kijana alitazama mlango wa jikoni, akashusha sauti.

"Yangu ilikufa Jumamosi. Nilishakupa neno, nawe umehangaika na mtoto. Niliona aibu kukwambia sina. Jumapili nikamwambia shangazi kuwa Mwalimu kanituma, akanifungulia, nikazibadilisha."

"Shangazi?"

"Anonciata ni dada yake baba."

Kumbe ndiyo maana Ma Anonciata hakumtaja mtu. Vero akamsimulia Ainebyona yaliyompata shangazi yake darasani.

"Chukua, dada. Nusu bei. Aina ni moja, hakuna atakayejua. Na shangazi hawatamfunga, hawana ushahidi."

Vero aliishika ile prosesa. Ilikuwa nyepesi sana kwa kitu alichokitamani muda wote ule. Ingeingia kwenye kompyuta yake bila shida, na haikuwa imekimbizwa hata siku moja.

"Ushahidi wao ni harufu ya samli," alisema. "Imewatosha. Vaa viatu."

Saa kumi na moja jioni Ainebyona aliirudisha prosesa darasani kwa mikono yake mwenyewe. Kompyuta ikawaka. Alieleza yote akiangalia sakafu, na Mwalimu akamwambia kesho wataenda kituo cha polisi wao wawili, yeye na Mwalimu. Wanafunzi waliofika mapema walikuwa watatu tu.

"Kwa nini hukusema, mama?" Mwalimu alimuuliza Ma Anonciata, aliyekuwa ameitwa.

"Nilijua tangu mlipoanza kunusa. Ni mtoto wa kaka yangu. Ningemtaja, ningemtazama kaka kwa macho gani?"

Mwalimu akamnyooshea ufunguo. "Tusamehe. Shika."

Hakunyoosha mkono.

"Jana mliniita mwizi darasa likiwa limejaa. Na hiyo 'tusamehe' nitaisikia darasa likiwa limejaa."

Mwalimu alibaki na ufunguo mkononi. Nje wanafunzi wengine walikuwa bado njiani. Vero akavuta benchi, akamlaza mtoto wake begani kwa Ma Anonciata, pale pale pa siku zote, akakaa kusubiri naye.