Nani Aling'oa Kifuli cha Kibodi Yangu?

"Usihangaike, mdogo wangu. Leo nitakusemea mimi."

Kaka yangu alisema hayo akiwa amesimama mlangoni mwa chumba changu, mkono mmoja mfukoni, uso umejaa huruma ya kununua dukani.

Halafu akavuta mlango, akaenda sebuleni kumgawa mtoto wangu.

Mmesoma sawasawa. Kumgawa mtoto wangu wa kumzaa... na mimi nimo ndani ya nyumba, mzima, masikio yote mawili yanafanya kazi.

Ngojeni niwaeleze, halafu mnihukumu. Najua mtanihukumu tu, hapa mtandaoni kila mtu ni hakimu.

Mimi nilikuwa mnadi. Sokoni waliniita Kengele. Nikipanda juu ya meza na shati mkononi, wa kibanda cha pili anazima redio yake mwenyewe. Niliuza mashati yenye matundu nikisema ni ya kupitisha hewa, na watu wakagombania. Mdomo ndio ulionilisha, na mdomo ndio uliojenga nyumba hii.

Kisha koo likaota uvimbe. Madaktari wakakata walichokata. Nilirudi nyumbani nimepona, ila sauti ilibaki hospitali.

Tangu hapo naongea kwa kompyuta. Naandika, yenyewe inasoma. Ni sauti kavu ya kiume, haijui kupanda wala kushuka, lakini ndiyo yangu. Ina programu inayokubali kuhifadhi sentensi kwenye vitufe vya juu kabisa, ile safu ya F, ili usihangaike kuandika kila mara maneno unayoyasema kila siku. Unabonyeza kimoja, inasema. Lishikeni hilo.

Msiniulize kuhusu karatasi, nilishajaribu. Kikao kilichopita niliandika ukurasa mzima, kaka akaukunja, akautia mfukoni, akasema tutausoma baadaye. Hiyo baadaye mpaka leo haijafika. Na simu yangu ni ile ya vitufe na tochi, inajua kuita tu. Nikitikisa kichwa, kaka anatafsiri anavyotaka yeye.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe.

Nina binti mmoja. Mama yake alifariki binti akiwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Mdogo wa marehemu, shemeji yangu, alikuwa anahamia nchi nyingine na mumewe, akataka aondoke na binti yangu akamsomeshe huko. Kaka akaitisha kikao. Jambo lilikuwa moja tu: baba anakubali, au hakubali? Nikikataa mbele ya baba mkwe, imekwisha, hakuna wa kunipinga.

Na mimi nilikuwa nimejiandaa kuwanyoa bila maji.

Mchana, kabla wageni hawajafika, nikafungua kompyuta nianze kuandika hotuba. Skrini ikawaka vizuri. Nikabonyeza herufi ya kwanza.

Kimya.

Nikabonyeza nyingine, nikabonyeza zote kwa viganja kama mtu anayekanda unga. Hata kile kibao cha kusogezea mshale kilikuwa kimekufa.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Nikamwonyesha kompyuta kwa kidole. Akaitazama, akanitazama mimi kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake. Nikampungia mkono atoke, ananipotezea muda. Akaenda kupanga viti.

Nikachukua bisibisi.

Kufungua kompyuta siyo ajabu kwetu. Mara kwa mara tunaifungua tupanguse vumbi, mimi na yeye. Yeye anashika tochi na kubandika skrubu kwenye selotepu kwa mpangilio, kila moja na mahali pake. Akizubaa kabla sijaizima nambonyezea kitufe, anashtuka, tunaendelea.

Nilipoanza kufungua nikagundua jambo. Vichwa vya skrubu vilikuwa na mikwaruzo mipya... kuna mtu alikuwa ameingia humu! Tena mtu makini. Skrubu zote alizirudisha mahali pake, hata ile fupi ya katikati. Hiyo ukikosea ukaweka ndefu, inatoboa kibodi kwa chini.

Nikasema moyoni, kumbe kaka yangu ni fundi, na miaka yote hii anatuficha.

Maana asubuhi ile kaka alifika mapema kuliko wote, akakaa peke yake chumbani kwangu, eti anatafuta kalamu. Nani anatafuta kalamu kwa mtu ambaye karatasi zake hataki kuzisoma?

Nikainua kibodi. Nikaona unyama wenyewe.

Chini ya kibodi kuna mkanda, mwembamba na laini, unaoingia kwenye soketi ya bodi. Huo mkanda ndio unaopeleka kila herufi. Soketi ina kifuli cheusi cha plastiki, kidogo kama ukucha uliokatwa. Unakiinua, unaingiza mkanda, unakilaza, kinabana. Bila hicho kifuli mkanda unakaa tu pale, haugusi kitu.

Mkanda wa kibao cha mshale ulikuwa umechomolewa tu, huo nikaurudisha. Lakini soketi ya kibodi ilikuwa kibogoyo. Nikaitikisa kompyuta, nikamulika kwa tochi kila kona. Kifuli hakikuwepo. Kilikuwa kimeng'olewa na kuondoka na mtu!

Nikasikia wageni wanabisha hodi. Ndipo kaka akaja mlangoni, akaona kompyuta imefunguliwa, akatoa yale maneno yake ya kunisemea.

Jamani, mnajua kutekwa? Mimi nilitekwa nikiwa nimekaa kitandani kwangu.

Ukuta wa chumba changu ni mwembamba. Nilisikia yote. Baba mkwe aliniulizia, kaka akamjibu nimejilaza, mashine yangu imeharibika, lakini kikao kiendelee kwa sababu yeye anayajua mawazo yangu. Mume wa shemeji akasema masikini, afadhali hasikii haya. Watu wana maajabu! Nilikatwa koo, wao wakanifunga na masikio.

Shemeji akauliza, "Kwa hiyo yeye mwenyewe anasemaje?"

"Akinyamaza, amekubali," kaka akajibu. "Na leo atanyamaza tu."

Mtu mmoja akacheka. Nilimtambua kwa kicheko, na bado namdai hicho kicheko.

Nikaapa kwamba nitatoka na kompyuta hii inaongea, hata kama ni neno moja, na neno hilo litamvua kaka nguo mbele ya wakwe.

Nikatafuta kadi ya plastiki ya zamani, nikakata kipande chembamba upana wa ile soketi. Wazo lilikuwa rahisi: kama kifuli hakipo, kitu kingine kikae juu ya mkanda kiukandamize. Nikachukua kibanio cha nyusi cha marehemu mke wangu, nikaingiza mkanda polepole, nikaingiza kipande cha kadi juu yake. Kikachomoka. Kilikuwa kinene. Nikakikwangua kwa wembe, nikajikata kidole, nikafuta damu kwenye suruali nikaendelea.

Huko sebuleni walishafika kwenye siku ya safari.

Mara ya pili kikaingia. Nikakibandika selotepu juu, nikalaza kibodi, nikabonyeza.

Herufi... hakuna. Namba... hakuna.

Nikajaribu safu ya juu, ile ya F. Taa ya sauti ikawaka!

Mkanda ulikuwa umegusa upande mmoja tu. Fundi mwenye akili angefungua tena, akapunguza kadi, akarudia. Lakini nilimsikia kaka anasema, "Basi tumwite mtoto, tumwambie." Nikaona nikichelewa nimeliwa. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikaikumbatia kompyuta, nikafungua mlango kwa teke.

Mngeiona sura ya kaka yangu! Nilifurahi, siwafichi.

Nikaiweka kompyuta mezani katikati ya vikombe. Baba mkwe akasogeza kiti. Binti yangu alikuwa amesimama kando ya mlango wa nje, ngumi moja imefumbwa, ananitazama.

Nilichotaka ni kusema neno moja tu: hapana. Nilijua herufi zimekufa, lakini nikajiambia safu ya juu ina sentensi tele, nimezihifadhi mwenyewe, haiwezekani kukosa moja ya kunifaa leo.

Nikabonyeza ya kwanza.

"Lete maji."

Mume wa shemeji akainuka kweli, akaniletea maji. Nikamsukumia mbali. Nikabonyeza ya pili.

"Haraka."

Ya tatu.

"Nani kakuambia uongee?"

Kaka akakohoa. Nikabonyeza ya nne, na kidole kilipogusa ndipo nikakumbuka ni ipi, lakini ile mashine ukishabonyeza haina breki.

"Huna akili. Umerithi kwa mama yako."

Ilisema kwa sauti ya juu kabisa, kavu, kila neno limenyooka. Baba mkwe aliyemzaa huyo mama alikuwa amekaa mbele yangu. Shemeji aliyezaliwa naye tumbo moja alikuwa pembeni yake.

Nikatikisa kichwa kuwaeleza hapana, siyo hivyo, hiyo ni ya siku zile za hasira. Hakuna aliyeelewa. Nikawa napapasa vitufe kama kipofu, natafuta... lazima kuna kimoja! Lazima niliwahi kuweka kimoja chenye "mwanangu" ndani yake.

Nikabonyeza cha mwisho.

"Toka mbele yangu."

Kisha kaka yangu, kwa upole ambao mpaka leo unanichoma, akasema, "Haya. Amejisemea mwenyewe."

Nikageuka, nikamnyooshea kidole. Nikaonyesha kompyuta, nikaonyesha bisibisi mfukoni kwangu, nikamwonyesha yeye. Kila mtu alielewa namtuhumu. Kaka akafungua mikono, akaapa kwamba hata kufungua betri ya saa hajui.

"Siyo baba mkubwa," binti yangu akasema. "Ni mimi."

Akaja mpaka mezani, akafumbua ngumi. Kile kifuli cheusi kilikuwa katikati ya kiganja chake, kimeacha alama kwenye ngozi kwa jinsi alivyokibana. Akakiweka juu ya kibodi taratibu, kama alivyozoea kuweka skrubu.

Nilikuwa nimeona zile skrubu. Nimeona ile fupi ya katikati iko mahali pake. Ni nani mwingine duniani niliyemfundisha?

"Kwa nini, mama?" shemeji akamuuliza.

Binti yangu hakumjibu yeye. Alinitazama mimi.

"Nilidhani ukikosa mashine utakuja kunishika mkono. Ungenishika tu, wote wangeelewa. Hata mimi ningeelewa." Akaitazama bisibisi mfukoni mwangu. "Wewe ukatafuta bisibisi."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu ya kompyuta.

Nataka mlielewe hili vizuri kwa sababu ndilo linaloniuma. Mikono ilikuwa mizima, na yeye alikuwa karibu, ningeinua mmoja tu. Lakini nilikuwa na hasira, nimeaibishwa mbele ya wakwe na mtoto niliyemfundisha mwenyewe kushika tochi. Kidole changu kikateleza kwenda kule kilikozoea.

"Toka mbele yangu."

Safari hii sikukosea kitufe.

"Sawa, baba," akasema.

Hakulia. Baba mkwe ndiye aliyelia, mzee wa watu, akatoka akiwa ameshika ukuta. Shemeji akaenda kukusanya nguo za mtoto na hakuna aliyemzuia. Kaka alibaki mwisho. Nilitegemea anicheke. Alinywa yale maji yaliyoletwa kwa ajili yangu, akafunga mlango kwa nje polepole.

Nikabaki na kompyuta.

Nikafungua skrubu, nikazibandika kwenye selotepu vile anavyozibandika yeye. Nikatoa kadi, nikarudisha kile kifuli mahali pake. Kikaingia vizuri, hata hakikuwa kimevunjika. Alikuwa amekitoa kwa uangalifu, bila kukipasua, kama mtu aliyekusudia kukirudisha jioni. Nikalaza mkanda, nikabana, nikajaribu.

Kila herufi ikafanya kazi.

Nikaandika, "Usiende, mwanangu." Nikabonyeza.

Mashine ikasema vizuri kabisa, kwa sauti ile ile inayoagizia maji. Viti vilikuwa vimepangwa kwa duara, na hakuna aliyekaa.

Nimefuta safu yote ya juu. Sasa vitufe vyote vinasema sentensi hiyo moja, na nyumba nzima hakuna wa kuisikia.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Mimi nilidhani mwenye kimya ndani ya nyumba ile ni mimi. Kumbe aliyekuwa kimya miaka yote ni mwingine, na mshindo wake ndio huu.

Funzo? Kama unaye wa kumshika mkono, mshike sasa hivi, na hicho ulichoshika kiweke chini kwanza. Ndiyo, hiyo simu unayonisomea.

Haya, mnaotaka kunitukana kwenye maoni, karibuni. Nitamjibu kila mmoja wenu. Kibodi yangu ni nzima, na nafasi ninayo tele.