Kadi ya Mwisho ya Mzee Eladio

Jambo hili lilimpata jirani yangu Zunilda, na yeye hana muda wa kuzua. Kompyuta ya binti yake, anayesomea usanifu majengo, ilikuwa inazima katikati ya kazi za mtihani. Ikabidi Zunilda aende mji wa Hernandarias, mchana wa joto, kutafuta kadi ya picha ya kompyuta, iliyotumika. Huku kwetu nyingi zimechoshwa na kuchimba sarafu za mtandaoni, kwa hiyo alitaka kuikagua mwenyewe.

Mzee Eladio alimpokea kwenye ghala lisilo na dirisha, kikombe cha tereré, chai baridi ya majani, mkononi. Rafu zote zilikuwa tupu.

"Hii ndiyo ya mwisho, mama. Haijachimba hata siku moja," alisema, akimpa kadi.

"Na mimi ni bikira, mzee."

Umeme ukakatika. Gizani Zunilda akaisukuma feni ya kadi kwa kidole, akatega sikio, maana feni iliyochoka hukwaruza. Ilizunguka kimya. Lakini kwenye rafu tupu zikaanza kuvuma feni nyingine, mamia.

"Mzee, zima hizo!"

"Nizime nini, mama? Umeme si umekatika?"

Zunilda akaibana feni ya kadi yake kwa kidole. Zote zikanyamaza. Alipoondoa kidole, ya mkononi ilibaki imesimama. Zile za rafuni zikaanza tena, kutoka mwisho wa ghala, rafu moja baada ya nyingine, zikimjia.