Uhuru Aliopewa Revathi Bila Kuulizwa

Walikutana kwenye stesheni ya treni ya Ernakulam, kusini mwa India, saa ile watu wa ofisini wanagombea chai kana kwamba inaisha duniani. Revathi, ndani ya sari ya pamba ya kijani, alikuwa ameweka kompyuta mapajani akihariri video ya harusi, kazi iliyomlisha. Kijana mrefu mwenye shati lisilojua pasi aliichungulia skrini bila haya.

"Dada, hiyo programu unajua ndani yake mna nini?"

"Mna bibi harusi. Sogea kaka, unaniziba mwanga."

Kijana huyo, Jithin, alikuwa akiwafundisha walimu programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzifungua, kuzirekebisha na kuzigawa. Alizitetea kama wengine wanavyotetea timu ya mpira. Revathi alimcheka, kisha akampenda.

"Umekula, kipenzi?" Jithin alikuwa akipiga simu kuuliza.

"Nimekula. Na wewe leo umemkomboa nani?"

Kompyuta ilipoanza kupata joto, Revathi alimwachia aisafishe feni. Kesho yake Jithin aliirudisha huku meno yote yako nje. Iliwaka upesi ajabu. Ila programu ya kuhariri video, aliyoilipia Revathi mwenyewe, haikuwemo; mahali pake palikuwa na programu huria.

"Nimekuweka huru, mpenzi!"

"Video ya harusi ya Padmini, niliyokuwa naimalizia, iko wapi?"

"Picha zote zipo, nilizinakili kwanza. Ile kazi uliyokwisha kuihariri tu ndiyo haifunguki huku."

"Tu? Jumapili ukoo wake mzima unakaa kuitazama! Nikichelewa, nani mjini hapa atanipa harusi tena? Uhuru gani huo wa kupewa nimelala? Toka!"

Siku zilizofuata Revathi hakupokea simu zake. Alijaribu kuirudisha programu yake, lakini kampuni ikamjibu kwamba kibali chake cha kuitumia ni cha mashine wasiyoitambua tena, asubiri. Revathi akalia kwa hasira. Jithin alikuwa amemkosea, tena alikuwa na haki kuhusu programu za kampuni, na Revathi hakujua lipi linamuudhi zaidi.

Mwisho akampigia. "Njoo unioneshe hii yako. Na usinihubirie."

Jithin alikuja na ndizi za kukaanga, akakaa pembeni. Alijibu alipoulizwa tu.

"Pa kukatia wapi?"

"Kushoto, juu."

"Mbona ngozi ya Padmini imekuwa kama ya maiti?"

Jithin akashusha pumzi. "Kwenye rangi bado ni dhaifu. Yako inaishinda."

Revathi aligeuka kumtazama. Hakuwa amewahi kumsikia akizisema vibaya programu zake, na maneno hayo yalimlainisha kuliko pole zote. Video iliwahi Jumapili, na mama yake Padmini akalia palepale alipotakiwa kulia.

Kibali kilipofika, Revathi aliirudisha programu ya zamani kwa ajili ya rangi, akabaki na ile huria kwa kukatia. Jithin alishuhudia yote.

"Nataka kukuoa," akasema.

"Unataka, au unaomba?"

"Naomba, Revathi."

"Nimekubali. Ila video ya harusi yetu nitaihariri mimi, kwa programu nitakayochagua mwenyewe."

Jithin akafungua mdomo. Revathi akasubiri, maana hapo ndipo angejua anaolewa na nani. Jithin akaufunga.

"Basi nikae karibu tu?"

"Kaa, kipenzi," akasema, machozi yakimlengalenga. "Kimya."