Tangazo Lililoficha Sindano

Kila siku ya kazi Mboni aliamka kabla ya wadogo zake. Alifagia uwanja, akanywa chai kwa kitumbua, akajitanda buibui, akatoka kwao mtaa wa Ngamiani kwenda kazini. Kazini, naam. Miaka ile ya hamsini watu wengi waliona binti akishamaliza darasa la nane ni kukaa ndani kungoja posa. Baba yake aliwajibu, "Mwacheni akajifunze. Posa haichachi."

Mboni alikuwa mwanagenzi katika ofisi ya matangazo ya kituo kimoja cha kuchunguza malaria. Madaktari walichunguza mbu na wagonjwa. Ofisi ya matangazo iliwaeleza watu kilichopatikana na kinachotakiwa kwao. Mkuu wake, Bwana Manase, Mbondei aliyewahi kuwa mwalimu, alimfundisha kupiga chapa, kuchora mbu, na kuyapunguza maneno mpaka yabaki yale yenye kazi. Muda wa majaribio ulikuwa unakaribia kwisha. Ama ataajiriwa, ama atarudi nyumbani, na wale waliosema hafai watapata la kusema.

Siku moja Bwana Manase alikuwa safarini Moa. Daktari mkuu, Mzungu, akamwita Mboni. Alitaka watoto wa Ngamiani wachomwe vidole, damu yao ipimwe.

"Andika tangazo," alisema, "lakini damu usiitaje. Watu wako wanaogopa mumiani. Waje kwanza. Ukinipatia watoto wengi, kazi ni yako."

Mumiani ni wale watu waliosemekana kunyonya wenzao damu ili watengeneze dawa. Mboni alisita kidogo, kisha akaandika: "Jumamosi watoto wote waletwe uwanjani watazamwe afya. Kutakuwa na biskuti." Akachora mtoto anayecheka. Daktari akamsifu sana.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mtoto wa kwanza akapewa biskuti, mkono wake ukakamatwa, na hapo mama yake akaiona sindano.

"Mboni, hiyo ya nini?"

"Ni tone dogo tu, mama."

"Tone la nini? Mbona hukuandika?"

Kina mama walibeba watoto wao wakaondoka. Uweso, kijana aliyesoma naye, alipita na baiskeli akasema, "Hodi, karani wa mumiani." Watu wakacheka, na kicheko kile kilimchoma Mboni kuliko sindano yoyote.

Wako watakaosema watu wa Ngamiani walikuwa wajinga. Hawakuwa. Walikuwa na kumbukumbu. Katika vita vile vya kwanza vya Wazungu, babu zao waliambiwa wanakwenda kubeba mizigo mwendo mfupi, kisha warudi. Wengi hawakurudi, wala hakuna aliyekuja kuwaeleza wake zao wamezikwa wapi. Aliyedanganywa hivyo hasahau upesi, wala hana sababu ya kusahau.

Jumatatu daktari alikuwa amekasirika. "Nitamwambia jumbe wa mtaa awalete kwa nguvu," alisema.

Mboni akasema, "Bwana, nipe mpaka Jumamosi."

Bwana Manase aliporudi, Mboni alimsimulia yote, hakuacha kitu. Mzee yule hakufoka. Aliuliza tu, "Mtaani kwenu, watu huitwaje harusini? Kwa karatasi ukutani?"

"La. Bi Saleha hupita nyumba kwa nyumba."

"Basi unangoja nini hapa?"

Bi Saleha ndiye aliyekuwa mwalishi wa mtaa. Asipopita yeye mlangoni kukualika, hujaalikwa. Mboni alimkuta barazani akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, Bi Saleha."

"Marahaba. Umekuja na biskuti?"

Mboni aliinamisha kichwa. "Nimekuja kuomba unisaidie kualika."

"Kualika kwenye nini? Litaje."

"Kuchomwa kidole na kutoa damu. Tone tu, lipakwe kwenye kioo, litazamwe kama lina vijidudu vya homa. Mwenye navyo apewe dawa."

"Ehe. Hayo ndiyo maneno. Sasa nijibu na hili. Mwenyeji akitutengea chakula, nani huonja kwanza?"

"Mwenyeji mwenyewe."

"Basi na Mzungu wako achomwe kwanza, mbele yetu. Na hicho chombo cha kutazamia kiletwe hapa tukione. Asipotaka, mimi sipiti mlango hata mmoja."

Mboni alirudi kituoni akiwa na masharti yale mdomoni. Daktari alisema huo ni upuuzi. Bwana Manase akamwambia kwa upole, "Bwana, wanaloomba ni dogo kuliko unaloomba wewe." Daktari akatazama dirishani, mwisho akakubali.

Wakapita, Bi Saleha mbele, Mboni nyuma, na kila mlangoni neno damu lilitajwa kwanza. Wengine walikataa. Wengine waliuliza maswali mpaka chai ikapoa.

Jumamosi hadubini iliwekwa juu ya meza uwanjani. Daktari akakunja mkono wa shati, akatoa kidole. Sindano ikaingia, naye akakunja uso.

Uweso akanyoosha shingo. "Kumbe yake nyekundu vilevile."

Uwanja mzima ulicheka, na daktari mwenyewe akacheka. Bi Saleha alikuwa wa kwanza kuinama kwenye hadubini. Kisha akamsukuma mjukuu wake mbele. "Toa kidole, usinitie aibu." Watoto wakapanga mstari. Wengi walikutwa na vijidudu, wakapewa dawa siku ileile, na jumbe hakuhitajika kumburuta mtu.

Jioni, walipokuwa wakikusanya vioo, Bwana Manase alimwambia Mboni, "Daktari amekubali uajiriwe. Lakini shika hili. Kazi yetu ni kumpa mtu habari kamili ili aamue mwenyewe. Ukimficha kitu ili aje, hujamwita. Umemtega. Na mtu hutegwa mara moja; siku ya pili hata ukimletea ukweli atakufungia mlango."

"Nimesikia, Bwana Manase. Na daktari akiniambia tena nifiche?"

"Utamwambia hapana. Nami nitakuwa nimesimama karibu yako."

Mboni alifunga sanduku la vioo, akashika upande mmoja, Uweso akaja kushika upande wa pili bila kuombwa.