Roos Alitaka Pro

Simu ililia mara moja, ikakata. Ikalia tena.

Ladislas akaweka bisibisi chini, akafuta mikono kwenye suruali, akapokea.

"Duka la kompyuta Majengo, karibu."

"Fundi, ile keyboard yangu imefika?"

Sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu. Walimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Ndiye aliyewatuma watu wa idara ya usalama sehemu za kufa, na wengine walikufa kweli, na yeye akaenda kula chakula cha mchana.

"Imefika, Shangazi. Laini ni safi."

"Mteja anakuja kwako sasa hivi. Anaitwa Patrick. Anataka laptop ya Windows Pro. Muuzie Home."

"Akikataa?"

"Akikataa, Emerensiana amekufa. Usinipigie."

Akakata.

Haya, tuelewane mapema, maana sipendi mtu wa kuniuliza uliza katikati ya safari. Emerensiana alikuwa askari wa wanyamapori, mwanamke wa Kipimbwe, mkali, asiyehongeka. Alikuwa ameanza kunusa njia ya meno ya tembo kutoka Ugalla mpaka ziwani Karema. Mwenye njia hiyo alikuwa Mzungu mmoja aitwaye Roos, mtu wa pasipoti tatu na Kiswahili alichojifunzia kwenye machimbo ya Kongo. Roos akamteka. Kisha akatuma ujumbe kwa serikali: lori langu lipite mpaka Karema bila kuguswa. Likiguswa, mwanamke anapigwa risasi.

Na likipita salama?

Angepigwa vilevile. Alishaziona sura zao. Hilo Shangazi alilijua, Ladislas alilijua, na Emerensiana mwenyewe, huko alikofungwa, alilijua kuliko wote.

Roos alikuwa anamhamisha kambi hadi kambi, kwenye vibanda vilivyoachwa na warina asali ndani ya msitu. Ramani ya kambi ilikuwa kwenye laptop yake. Laptop yenyewe haikuwahi kugusa intaneti hata siku moja, kwa hiyo vijana wa Dodoma wanaoingia kompyuta za watu kwa mbali hawakuwa na pa kuingilia. Ilibidi ishikwe kwa mkono. Na ukiishika, ilikuwa Pro.

Pro ina kufuli linaitwa BitLocker. Ukiliwasha, disiki nzima ni takataka kwa asiye na ufunguo. Ichomoe, ipeleke maabara, ipeleke popote unapopajua, utarudi mikono mitupu. Home haina kufuli hilo. Home za siku hizi huja na kakufuli kadogo, lakini hako fundi akikazima, kanazimika.

Laptop ya Roos ilikuwa imeanza kuzimika ovyo. Alitaka mpya, ahamishie kila kitu. Akamtuma Patrick.

Patrick huyu ni nani? Ni mume wa mdogo wake Emerensiana. Ndiye aliyempigia simu siku ile: "Shemeji, njoo haraka, mtoto amezidiwa." Emerensiana akatoka mbio na kanga begani, bila bunduki, bila redio. Mtoto alikuwa mzima, anacheza uani. Mbwa wakubwa wapo duniani, lakini huyu alikula ugali wa yule mama kwa miaka, akamuuza huku akimwita shemeji.

Akaingia dukani anatabasamu.

"Fundi, mambo."

"Poa, braza. Karibu kiti."

"Sikai. Nataka HP, mpya. Windows Pro. Sio Home, eh? Bosi kasema Pro, na iwe original."

Ladislas akatoa mbili kwenye maboksi, akaziwasha, akaziweka juu ya kaunta. Bunduki yake, Beretta, ilikuwa chini ya kaunta hiyohiyo, ndani ya boksi la printa. Angeweza kummaliza hapohapo. Akatamani.

"Hii Home. Hii Pro. Nionyeshe tofauti."

Patrick akazitazama mbele, akazigeuza, akazifunga na kuzifungua.

"Sioni."

"Bosi wako ataiona?"

"Yule?" Patrick akacheka. "Hata picha ya kwenye skrini nilimbadilishia mimi."

"Basi. Pro bei yake imesimama. Home iko chini. Risiti nakuandikia ya Pro. Hapo katikati..."

Hakumalizia. Hakuna mtu Mpanda aliyewahi kutumwa dukani akahitaji sentensi hiyo imaliziwe. Ukitumwa saruji, unakula cha juu. Ukitumwa mbolea, unakula cha juu. Watu wametumwa jeneza la baba zao wadogo wakala cha juu, wakaja msibani wakalia kuliko wafiwa. Roos alikuwa amekaa nchi hii muda mrefu, alijua kuhonga na kuua, ila jambo hili dogo hakuna aliyemwambia. Na nani angemwambia? Kila aliyemtuma alikuwa anakula.

Patrick akashusha sauti.

"Kuna ile skrini ya bluu, fundi. Inamuuliza namba akiwasha. Ile anaijua. Asipoiona atanichinja."

"Skrini nakuwekea."

Vijana wa Dodoma walishaitengeneza. Ukurasa wa bluu, unauliza namba, unakataa namba ya uongo, unakubali ya kweli, na nyuma yake haufungi chochote. Mlango uliochorwa ukutani. Ladislas akachomeka flashi, akasubiri, akachomoa.

"Mwambie fundi ameshaiwasha. Achague namba yake tu."

"Na akigundua?"

"Agundue vipi? Siri unayo wewe, ninayo mimi. Na mimi sina bosi Mzungu."

Patrick akafikiri kidogo. Akachukua Home. Akaomba na mfuko wa kubebea.

Ladislas akaandika ujumbe kwenye Tecno yake: *Keyboard imeuzwa.*

Jibu likaja: *Muache ahamishe mizigo kwanza.*

Kesho yake mchana redio ikakoroma. Alikuwa Agatha, kiongozi wa kikosi cha kuokoa. Watu wake walikuwa wamejificha Ugalla na magari mawili tangu alfajiri, wakisubiri kuambiwa waende wapi. Mtu wake mmoja aliachwa mjini, achunge mbele ya gesti ya Roos.

"Ladi, mnyama ametoka. Land Cruiser nyeupe, njia ya Kakese. Begi jipya mkononi. Yupo na Patrick na mlinzi."

"Lori?"

"Linatembea kwenda Karema. Hatuligusi mpaka mama apatikane."

Ladislas akafunga duka. Akapanda pikipiki yake, Boxer, Beretta kiunoni, begi la vifaa mgongoni.

Akawakuta nje ya mji, kwenye vumbi. Mlinzi akamwona kwenye kioo cha pembeni na hakungoja kuuliza. Risasi ya kwanza ikapita juu. Ya pili ikavunja taa ya pikipiki. Watu waliokuwa wanapalilia mpunga wakalala chini kwenye majaruba, majembe yakabaki yamesimama peke yake.

Ladislas akakata kulia, akapanda tuta la jaruba, akakimbiza Boxer juu ya tuta sambamba na gari. Pikipiki ikateleza, ikakaa sawa. Akalenga tairi la nyuma.

Paa.

Akakosa.

Paa.

Land Cruiser ikayumba, ikaacha barabara, ikatumbukia kwenye jaruba, pua ndani ya tope. Mlinzi akatoka anafyatua ovyo. Ladislas akampiga kifuani. Akaanguka kifudifudi kwenye maji, akajaribu kuinua kichwa, Ladislas akasimama palepale akamtazama mpaka alipoacha kujaribu. Hakumwongezea risasi. Hakumwinua pia.

Patrick akatoka mikono juu.

"Kaka, usipige! Eh! Fundi? Ni wewe, fundi?"

"Ni mimi, braza. Piga magoti."

Roos hakutoka. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, anafuta miwani kwa shati, begi mapajani. Ladislas akamfunga pingu, akalichukua begi. Mzungu akampa mwenyewe, kama mtu anayemkabidhi mgeni kikombe.

"Chukua, rafiki. Hiyo ni Pro. Imefungwa. Umepata chuma tu."

"Ahaa."

"Sikiliza. Nisipopiga simu ya setilaiti kabla jua halijazama, yule mwanamke anakufa. Ukinipiga, anakufa. Ukinipeleka polisi, anakufa. Nifungue, niende zangu, nitapiga. Huna njia nyingine."

Jua lilishaanza kushuka upande wa ziwa.

Ladislas akapiga goti kwenye tuta, akafungua begi la vifaa, akatoa bisibisi ndogo. Akafungua skrubu za mgongo wa laptop moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa zisipotee. Fundi ni fundi. Akachomoa disiki, kipande kidogo kisichozidi kidole, akakiingiza kwenye kasha la USB, akachomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Roos akatabasamu.

Skrini ikafikiri.

Mafaili yakafunguka. Yote. Picha, majina, njia, na ramani ya msitu yenye alama nyekundu za kambi, na alama moja imezungushiwa duara, pembeni tarehe ya leo na idadi ya walinzi.

Tabasamu la Roos likabaki usoni muda kidogo bila mwenyewe, kisha likaanguka. Mtu mzima alipauka mpaka midomo.

"Agatha, hapa Ladi."

"Sema."

"Kambi ya nne. Kusini mwa mto, penye mti mkubwa wenye mizinga mitatu. Bunduki tatu."

"Tupo karibu. Kaa kimya."

Akaichomeka redio kiunoni. Vyura wakaanza kulia jarubani. Kisha Roos akageuza shingo taratibu, akamwangalia Patrick aliyekuwa amepiga magoti kwenye tope.

"Patrick," akasema kwa upole kabisa. "Pro ilikuwa bei gani?"

Patrick akaitazama laptop iliyofumuliwa juu ya tuta.

"Ulininunulia nini, Patrick?"

"Bosi... huyu fundi ndiye... bosi, alinidanganya!"

"Sikumdanganya," Ladislas akasema bila kuinua macho. "Nilimwekea mbili juu ya kaunta. Alichagua Home mwenyewe. Akaomba na mfuko."

Jamani, kuna ukatili wa kisu na kuna ukatili wa maneno matatu. Ladislas hakuwa na haja ya kusema vile. Ramani alishaipata. Alisema kwa sababu alitaka.

Redio ikakoroma. Milio ya risasi, karibu, mingi. Kisha kelele za mtu anayeita mama yake kwa Kiswahili kibovu. Risasi moja tena, na kelele zikaisha.

"Tumempata," Agatha akasema. Alikuwa anahema. "Yuko hai."

"Mzima?"

"Sikio la kushoto hawakumwachia. Na vidole viwili. Lakini anatembea mwenyewe, amekataa kubebwa."

Ladislas akafumba macho. Moyo ulimuuma, na hakuficha.

"Lori sasa. Ligongeni."

"Limeshasimamishwa. Juu nta, chini meno. Dereva analia." Redio ikakwaruza. "Ladi, mama anataka kuongea."

Sauti iliyokuja ilikuwa nyembamba, imekauka kwa kiu.

"Kaka, nani mmemkamata?"

"Roos. Na shemeji yako."

"Patrick yuko hai?"

"Yuko hai."

"Mleteni hivyohivyo." Akapumua. "Mdogo wangu ana mimba yake. Nataka nimkalie mbele mahakamani, aniangalie huku nilikokatwa, aseme alilipwa nini. Siku zote hizi ndicho kilichonishika nisife. Msimguse, kaka. Nakuomba sana. Huyo ni wangu."

"Nimekusikia, dada."

Polisi wakafika na magari mawili, Land Cruiser za mabodi ya nyuma yaliyofungwa. Aliyetangulia kushuka alikuwa kijana anaitwa Denis. Akawatazama wafungwa wawili, mmoja anatetemeka, mwingine ametulia mno.

Patrick akamtambaalia Ladislas, akamshika mguu wa suruali.

"Kaka, nipandishe lile lingine. Nakuomba. Umeona anavyoniangalia? Nitasema kila kitu! Nitasema mahakamani!"

"Afande," Denis akauliza, "tuwatenganishe?"

Ladislas akaliangalia gari la pili. Lilikuwa tupu.

"Gari ni moja."

Denis akageuka kuliangalia gari la pili, akarudisha macho chini.

"Na huyo Mzungu," Ladislas akaongeza, "pingu zake zikae mbele. Kufungwa nyuma kunamuumiza mabega, mzee wa watu."

"Askari wa kukaa nao nyuma?"

"Joto. Wakae wenyewe."

Patrick akapiga kelele wakati wanamwinua. Akapiga kelele za jina la mkewe, za jina la Mungu, na mwishoni, sijui aliipata wapi sura hiyo, akaita, "Shemeji! Shemeji, niokoe!" Roos alipanda mwenyewe, akajisogeza, akamwachia nafasi ya kukaa karibu naye. Mlango ukafungwa kwa nje.

Ladislas akakusanya skrubu zake, akanawa tope kwenye maji ya jaruba mbali kidogo na maiti. Akainua Boxer, akaipiga kiki. Iliwaka.

"Kaka?" Redio kiunoni. "Kaka, hujaniambia. Mmempakia Patrick? Yupo peke yake?"

Akaizima.

Mbele yake ile Land Cruiser ya polisi iliyumba ghafla, kitu kizito kikigonga bodi kwa ndani, mara mbili, mara tatu. Ikanyooka. Dereva hakusimama. Ladislas akaongeza mafuta, akaipita kwa kulia, akaenda zake mjini.