Spana Iliyopotea Uwanja wa Nyasi

Wenzangu, mmewahi kupendwa kweli mkadhani mnachezewa?

Binti mmoja, fundi wa ndege, alikuwa karakanani, grisi mpaka viwikoni, simu ikaita. Rubani wake huyo! Kwa shati lake lisilojua kunyanzi, watu walimwita Bwana Pasi. Alishamwomba uchumba, binti akamjibu, "Nitafikiria." Hata masomo ya injini aliyoyaomba kila jioni, binti aliyaona janja ya kumsogelea tu.

— Fundi wangu, niko huku uwanja wa nyasi na abiria, injini inakohoa. Nimeijaribu kabla ya kuruka, ikatetemeka.

— Usiruke! Nakuja na gari.

— Gari gani, na mto umefurika? Nimeshafungua kifuniko cha injini. Plagi moja ina masizi kama sufuria ya kuni. Nimeisafisha, nimeikaza vile ulivyonionyesha.

Binti akaibana simu sikioni. Kumbe alikuwa anasikiliza!

— Basi funga kifuniko uje.

— Sifungi. Spana moja siioni.

Sauti ya mama abiria ikadakia:

— Baba, spana si utanunua nyingine? Mwanangu anaolewa leo!

— Niwie radhi, mama. Ikiwa imebaki humu ndani ikagusa mitambo, hatufiki.

— Ningejua ningepanda punda!

Binti akajikalia juu ya ndoo. Yeye, fundi mzima, hofu ilimsahaulisha akasema funga. Mwanafunzi wake ndiye aliyekataa.

Simuni akamsikia akipapasa injini. Kisha chuma kikalia: kang!

— Nimeipata! Ilijilaza nyuma ya injini.

Baadaye ukaingia ujumbe: "Nimeijaribu tena. Imetulia kabisa. Naja."

Ndege ilipotua, mama alishuka mbio, viatu mkononi.

— Binti, huyu ukimwacha, nina binti mwingine wa kumwoza!

Bwana Pasi alikuwa mweusi kama mchoma mkaa.

— Kagua, fundi. Mimi najua kidogo tu cha kunitoa porini.

Binti alifungua, akashika kila plagi, akapapasa kila pembe. Hakuona cha kurekebisha. Akafunga taratibu, akabaki ameegemea bawa.

— Mbona machozi? Nimeharibu?

— Hujaharibu kitu.

— Sasa?

— Nataka unioe. Nilitaka tangu siku ile uliyoniuliza, nikaogopa kusema.