Valizi Iliyotangulia

Siku ile Adolphine alijifunga vikwembe vinne, kimoja juu ya kingine, katika joto la Kindu linalowafanya hata mbuzi wakimbilie kivuli. Ulikuwa wakati wa vita. Reli imekatika, barabara zimefungwa, mji mzima umehamia uwanja wa ndege. Mizigo ilipimwa kwa ukali, lakini nguo ya mwilini hakuna aliyeipima.

Jasho lilimtoka mpaka wanja ukafika shavuni. Nyuma yake alisimama fundi wa redio, shati la mikono mifupi, viatu vinang'aa. Akamuuliza kwa upole:

"Dada, uko mumoja ao muko bane?"

"Niko mumoja. Hawa wengine njo basindikizaji."

"Miye naitwa Matata."

"Na jina ile, bibi yako atapata usingizi wapi?"

Ndege ilikuwa ya mizigo, haina viti. Walikaa juu ya magunia ya mchele, kati ya madumu ya mawese. Chini ilikuwa tanuru, kuku wanahema midomo wazi. Juu, masikio yakaziba, baridi ikaingia mifupani, meno ya Matata yakaanza kugongana. Adolphine akafungua kikwembe cha juu, kile cha kijani chenye mikia ya tausi, akamfunika nacho. Hakukidai tena.

Walipofika Goma wakapendana. Adolphine alipomaliza biashara yake akatangulia kurudi Kindu, na Matata akaahidi kumfuata, ajionyeshe kwa wazee wake kama mchumba.

Siku ya ndege ya Matata, Adolphine alisimama juani na mashangazi zake, blauzi ya mikono ya puto imemganda mgongoni. Abiria wakashuka wote, Matata hayumo. Ikashushwa valizi yake peke yake, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe. Nyumbani wakaifungua. Juu kabisa kulikuwa na kikwembe cha tausi, kimefuliwa, kimepigwa pasi.

"Amekurudisha," akasema shangazi mkubwa. "Angekutaka, kikwembe kingebaki kwake."

Simu hazikuwepo. Kabla mvua hazijarudi, Adolphine akaolewa na mtu wa mji wa Kalima.

Vita ikaondoka mjini. Watoto wakakua, mume akafariki, Adolphine akarudi Kindu. Mwaka huu binti yake Divine akamtumia tiketi, aende Kinshasa kumwona mjukuu. Uwanjani joto ni lile lile. Feni ya dari imesimama, ndege imechelewa tangu asubuhi, na pepeo lake linasukuma hewa ya moto tu. Halafu sauti ikatoka nyuma:

"Mama, leo muko bangapi?"

Hakugeuka haraka. Kwanza alikaza kitambaa cha kichwa, akajipangusa shingo.

"Niko mumoja. Bwana yangu alikufa."

"Na bibi yangu pia, Mungu alimuchukua."

Akageuka. Mvi zilimpendeza Matata, na viatu vyake bado viling'aa. Lakini Adolphine alikuwa na neno lililomkaa kooni miaka yote.

"Matata, juu ya nini ulinirudishia kikwembe?"

Matata akashangaa. Akamweleza kwamba siku ile ndege ilikuwa nzito, rubani akataka mtu mmoja ashuke, na aliyeitwa jina alikuwa mama mwenye mtoto mgonjwa. Akashuka yeye badala yake. Valizi ilikuwa chini ya magunia, ikaenda bila yeye. Alipopata ndege nyingine, miezi imepita. Shangazi alimjibu mlangoni kwamba Adolphine yuko kwa bwana yake.

"Na kikwembe?"

"Nilikuwa nakileta ukivae siku ya kujionyesha. Nilipiga pasi miye mwenyewe, nikaunguza pembe. Haukuona?"

Aliona. Alama ile ya kahawia kwenye pindo alikuwa ameipapasa mara nyingi, akidhani ni dharau.

Wakapanda, wakakaa pamoja. Ndani hewa ilikuwa nzito kama uji. Mara mhudumu akatangaza kwamba uzito umezidi, mmoja ashuke, atasafiri kesho kutwa. Matata, kwa mazoea yake, akasimama. Adolphine akasimama pia.

"Mumoja tu anatosha, mama," akasema mhudumu.

"Nimesikia. Mushushe na valizi zetu. Hii mara hakuna kutanguliana."

Kwenye ngazi, jua likawapiga usoni. Matata akauliza sasa atajionyesha kwa nani, shangazi mkubwa hayuko tena.

"Kwa batoto," akasema Adolphine, akapiga simu. "Divine, usikuje uwanjani leo. Tutafika kesho kutwa."

"Tutafika? Mama, muko bangapi?"

"Tuko babili, mwanangu. Ongeza wali."